Mizani Tuliyounda Wenyewe Tawini

Ndugu wafanyakazi, mchumaji wa chai halipwi kwa jasho, hulipwa kwa kilo. Ukichuma kutwa nzima na karani akaandika kilo 38 badala ya 41, basi kilo 3 zimekwenda na chai yenyewe imekwisha ingia kiwandani, huna tena cha kurudisha kwenye mizani. Zamani mizani ilikuwa ya mshale, na kila mtu aliweza kuinua shingo akaona mshale umesimama wapi. Siku hizi katika mashamba mengi mizani ni ya elektroniki. Inapima uzito, inautuma kwenye kifaa anachoshika karani, na mchumaji anapewa kikaratasi. Akiuliza, anaambiwa kuwa mashine haikosei.

Mimi nimesoma hadi darasa la saba, na kwa miaka mingi nilipoambiwa hivyo nilinyamaza. Lakini mwaka jana, katika tawi letu huku magharibi ya Uganda, tuliona kwamba kama mashine haikosei, basi hapana budi nasi tuunde moja tujue ni kitu cha namna gani. Ndugu wa matawi mengine wameniuliza tulianzaje, ndiyo sababu ya kuandika.

Wataalamu wana jina la kazi hii, wanaiita intaneti ya vitu. Maana yake ni kwamba kitu cha kawaida, kama mizani, tangi la maji au chumba cha kukaushia majani, kinapewa sensa ya kupima, pamoja na redio ndogo ya kupeleka kipimo kwenye simu au kompyuta. Jina lilitolewa mwaka 1999 na Mwingereza Kevin Ashton, lakini mambo yenyewe yalikuwako kabla ya jina. Mwaka 1982, katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, watu waliunganisha mashine ya soda na kompyuta yao ili wajue kama mna soda, na kama ni baridi, kabla ya kwenda kuifuata. Yaani walikuwa wamechoka kutembea bure. Sioni kwa nini chombo cha namna hiyo kiwe mali ya meneja peke yake.

Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, mji uliojulikana kwa kiwanda cha mashine za kupiga chapa za Olivetti, walimu wa chuo cha usanifu walitengeneza bodi ndogo iitwayo Arduino. Walitaka wanafunzi ambao si mafundi wa umeme waweze kuunda vitu, na michoro yake wakaiacha wazi kwa kila mtu. Baadaye kampuni ya Espressif ya Shanghai ikatoa vipande vyenye waifai ndani, ESP8266 mwaka 2014 na ESP32 mwaka 2016. Sisi tulichukua bodi ya ESP32, ambayo haizidi urefu wa kidole. Tulichanga watu sita, na hatukugusa fedha za Chama.

Somo la kwanza si mizani. Somo la kwanza ni kuwasha taa. Unaweka programu ya Arduino kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure, unaunganisha bodi kwa waya wa USB, kisha unachagua mfano ulio tayari uitwao Blink, na taa iliyoko kwenye bodi inawaka na kuzimika. Ukibadili namba 1000 ikawa 200, inapepesa upesi, kwa sababu namba hiyo ni muda wa kungoja, na 1000 ni sekunde moja. Utacheka, lakini siku ile taa ilipotii namba niliyoandika kwa mkono wangu mwenyewe, nilikaa mpaka saa tano ya usiku.

Kabla ya hapo tulipoteza siku mbili bure. Kompyuta ilikataa kuiona bodi, tukadhani tumeuziwa mbovu. Kijana anayetengeneza simu pale sokoni akatazama waya akasema, “Mzee, huu ni waya wa kuchaji tu, hauna nyuzi za kupitisha habari.” Tukabadili waya, kazi ikaenda. Nawaambia mapema msije mkagombana na mwenye duka.

Bodi yetu ya kwanza niliichoma mimi. ESP32 hufanya kazi kwa volti 3.3, nami nikachomeka waya wa volti 5 kwenye tundu la 3.3. Ilitoa harufu, ikafa. Tangu hapo tuna sheria kwamba mmoja anaunganisha, mwingine anasoma mchoro kwa sauti, na umeme hauingizwi mpaka wote wawili wamekubaliana. Na tunatumia umeme wa USB au betri ya kuchajia simu tu. Umeme wa ukutani unaua, huo si wa kujifunzia.

Sasa mizani. Ndani ya mizani ya elektroniki mna kipande cha chuma, na juu yake vimegandishwa vitepe vyembamba vya kupitisha umeme. Uzito ukining’inia, chuma kinapinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, vitepe vinavutika, na umeme unapita kwa shida zaidi au kwa urahisi zaidi. Ujanja huu ni wa mwaka 1938. Badiliko lenyewe ni dogo mno, kwa hiyo linapitishwa kwenye kipande kiitwacho HX711 ambacho hulikuza na kuligeuza kuwa namba. Bodi inasoma namba hiyo. Tulianza na chuma cha kilo 5 tukapima sukari na sabuni, halafu tukanunua chenye umbo la herufi S cha kilo 100, ambacho unaweza kukitundika mtini na kuning’iniza gunia.

Namba inayotoka mwanzoni si kilo. Ni namba tupu, ndefu, na inaweza hata kuwa chini ya sifuri. Ni wewe unayeifundisha kuwa kilo. Tulitumia maji, kwa kuwa lita 1 ya maji ni kilo 1. Usijaze jerikeni ya lita 20 mpaka mdomoni ukadhani ni lita 20, maana huingia zaidi. Tulitundika jerikeni tupu, tukaandika namba. Tukamimina lita 20 tulizozipima moja moja, tukaandika namba ya pili. Toa ya kwanza katika ya pili, gawanya kwa 20, umepata kilo moja ni namba ngapi. Hesabu ya darasa la nne! Hapo nilielewa kwamba mashine isiyokosea ilifundishwa na mtu siku moja, na mtu huyo anaweza kukosea.

Huko shambani hakuna intaneti, wala haikuhitajika. ESP32 inaweza kutoa waifai yake yenyewe, na simu ikiunganishwa nayo inaonyesha uzito kwenye ukurasa, bila kununua bando. Kila aliyesimama karibu aliona namba ileile kwenye simu yake. Tuliweka neno la siri, na majina ya watu hatukuyaingiza ndani, bali tuliyaandika kwenye daftari ambalo hukaa kwa katibu.

Juma la kwanza tulikaribia kujiaibisha. Mizani yetu ilionyesha kwamba wakati wa mchana mizani ya karani inapunja karibu nusu kilo. Wenzangu walitaka twende kwa meneja siku ileile, na mmoja akaniita mwoga mbele ya watu. Nilisema tutundike kwanza jerikeni yetu. Asubuhi ilisoma kilo 20, saa saba juani ikasoma 20 na nusu. Yetu ndiyo iliyokuwa inadanganya, kwa sababu joto lilikuwa likiichezea. Tukaihamishia kivulini, tukawa tunairudisha kwenye sifuri kabla ya kila mzigo na kuipima kwa maji asubuhi, mchana na jioni.

Baada ya hapo mizani zote mbili zilikubaliana, jambo ambalo halikuwafurahisha wote. Lakini vikaratasi bado vilikuwa pungufu. Tulipotazama vizuri tukaona kuwa kwa kila mzigo kilitolewa kilo 1 kwa ajili ya gunia. Tukatundika gunia tupu, nalo halikufika nusu kilo. Mchumaji anayepima mara tatu kwa siku alikuwa akipoteza zaidi ya kilo moja na nusu kila siku, na hakuna aliyeiba usiku. Namba ilikuwa imewekwa tu, ikakaa hapo miaka.

Hapa sikilizeni vizuri, hasa ninyi wawakilishi. Mizani ya kuunda nyumbani haina mhuri. Kukagua na kuthibitisha mizani ya biashara hapa Uganda ni kazi ya Shirika la Viwango, UNBS. Ukiweka kisanduku chako mezani kama ushahidi, mwajiri atakicheka, na atakuwa na haki. Wala usikiingize kazini kwa siri, utampa sababu ya kukufukuza. Sisi tulimwandikia meneja kupitia kamati ya tawi, na katika kikao tuliomba jambo moja tu: gunia tupu lipimwe kwenye mizani ya kampuni yenyewe, mbele ya karani. Likapimwa. Tangu mwezi uliofuata makato ni nusu kilo, na yameandikwa kwenye mkataba. Malipo ya nyuma tumeyadai, hatujajibiwa.

Linalobaki ni majani ya mvua. Siku za mvua hukatwa asilimia fulani kwa ajili ya maji yaliyoshika kwenye majani, na asilimia hiyo hutajwa na nyapara kwa kutazama mawingu. Tumeanza kupima gunia likiwa limelowa, kisha majani yaleyale baada ya kukung’utwa na kutandazwa kivulini, na tunaandika. Kufikia sasa tuna siku kumi na moja daftarini. Tumekubaliana tusiseme neno mezani mpaka mvua za masika ziishe.