Uchovu wa Chuma: Istilahi za Ufa katika Boriti za Winchi

Neno "kuchakaa" limezoea kubebeshwa kazi isiyo yake. Jembe la mkulima wa Sibwesa, mkoani Katavi, huchakaa: hulika kwa udongo mwaka hadi mwaka, na mwenyewe huona. Lakini mkulima huyohuyo akitaka kukata waya bila koleo, huukunja na kuukunjua mahali pamoja hata ukatike. Waya ule haukulika wala haukushika kutu. Umechoka. Hali hiyo tunapendekeza iitwe uchovu wa metali, na isichanganywe na uchakavu.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Katika karakana kubwa, winchi ya juu hutembea juu ya boriti mbili za chuma. Kila gurudumu lipitapo, boriti hulemewa, likishapita, hupumua. Mzigo wenyewe huwa chini kabisa ya ule uwezao kuivunja boriti kwa mara moja, na jicho halioni mpindo wowote. Hata hivyo, baada ya kulemewa mara malaki au mamilioni, ufa mdogo huanza, mara nyingi kwenye mshono wa kulehemu, pale bapa la juu linapoungana na ubavu wa boriti. Mkaguzi akiandika kuwa boriti "imechakaa kidogo", mkubwa wake atafikiri habari ya rangi na kutu, naye ataahirisha matengenezo huku winchi ikiendelea kupita juu ya vichwa vya watu.

Wala jambo hili si la viwandani tu. August Wöhler wa Ujerumani alilichunguza katika ekseli za mabehewa ya reli, miaka ya 1850 na 1860. Reli iliyofika Mpanda kutoka Kaliua mwaka 1950 ni ya jamaa hiyohiyo ya vyuma vinavyolemewa na kupumua.

Wako wanaosema ufa "huenea". Maji huenea, ufa una ncha, nao hurefuka kutoka nchani, kidogo kidogo kwa kila mrudio wa mzigo. Ndiyo sababu twasema ukuaji wa ufa. "Mzunguko" tumeuacha, kwa kuwa gurudumu nalo huzunguka, na msomaji atapotea. Mwaka 1963 Paul Paris na Fazil Erdogan walieleza kanuni ya ukuaji huo: kinachotawala ni tofauti ya mkazo kati ya kulemewa na kupumua. Katika viungo vya chuma vilivyolehemiwa, tofauti hiyo ikizidi mara mbili, umri wa kiungo hushuka hadi kama sehemu moja ya nane.

Boriti ni neno la nyumba za pwani, la miti ya mikoko, na latosha; "mhimili" wanafunzi wamekwisha kuuzoea katika jiometri. Winchi au kreni ndiyo lugha ya makuli bandarini. Hatuoni haja ya kumsumbua ndege korongo.

Limebaki neno "kuziba". Methali yatuambia tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta, lakini fundi anayepaka madini ya kulehemu juu ya ufa wa chuma ameificha ncha tu, na ufa utaendelea chini yake. Kutoboa tundu dogo nchani, ili ufa usimame kwa muda, tunakuita kusimamisha ufa. Kuchimba ufa wote hadi kwenye chuma kizima, kisha kulehemu upya, ndiko kutengeneza.