Anayetafuta gita la besi na anunue kwa sikio

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Walisema kweli, lakini nadhani hawakuwa na maana ya jembe ambalo mpini wake umelegea. Mwenye jembe hilo huchoka kabla jua halijapanda, na jioni shamba lake halionekani kulimwa. Mpiga gita naye yu katika hali hiyo hiyo. Ufundi ni wa vidole vyake, lakini vidole havina budi kupata mahali pa kukanyaga.

Nayasema haya kwa sababu ya mpwa wangu mmoja, kijana wa Mombasa ambaye sasa anaishi Makina, Kibera, mjini Nairobi. Mchana hufanya kazi ya kupakia mizigo. Jioni na siku za mapumziko hupiga gita la besi katika kikundi cha taarabu na chakacha ambacho hualikwa kwenye harusi.

Msomaji wa pwani asistaajabu kusikia taarabu Kibera. Mtaa huo ulianzwa na askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles, Waislamu waliopewa mahali pa kukaa huko mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Msitu umekwisha, nyumba za mabati zimejaa, na makabila yote ya Kenya yamo. Lakini Makina bado ina msikiti wake, na harusi za Wanubi bado zina ngoma yao ya doluka. Mtu wa Mvita au Lamu akifika hapo siku ya harusi hajioni mgeni.

Nilifikia kwa kijana huyo mwezi wa Rajabu. Baada ya salamu alinionyesha gita lake kama mtu anayemwonyesha tabibu kidonda. "Mjomba," akaniambia, "mkubwa wa kikundi amesema Mfunguo Mosi kuna harusi nyingi. Nikija na sauti hii hii atamtafuta mtu mwingine."

Alikuwa ameweka akiba ya shilingi 28,000. Na fedha hizo zilikuwa na mdai wa pili, maana mama yake kule Mombasa alikuwa akingoja paa lizibwe kabla ya masika. Basi kosa la kununua lisingekuwa kosa la mpwa wangu peke yake.

SAUTI ISIYOSIKIKA MPAKA IKOSEKANE

Wasikilizaji wengi hawamjui mpiga besi. Hutazama mwimbaji, husifu udi, fidla na gita la solo. Lakini besi ndiyo inayoshika mkono wa ngoma na mkono wa wimbo ikavitembeza pamoja. Ikikosea, hata mtoto anayecheza uani huhisi kwamba kuna kitu kimekwenda mrama.

Katika taarabu ya Unguja, ambako Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, kazi hiyo imefanywa na besi kubwa la mbao, refu kama mtu, linalopigwa kwa kusimama. Chombo hicho ni kizuri, lakini hakipandi matatu. Mwaka 1951 fundi mmoja wa California, Leo Fender, alitoa gita la besi la umeme ambalo mtu aliweza kulivaa begani. Lilikuwa na nyuzi nne, na kila uzi, kutoka darajani hadi mwanzo wa shingo, ulikuwa na urefu wa inchi 34. Kipimo hicho ndicho kinachofuatwa na magita mengi ya besi hadi leo.

Afrika Mashariki ililipokea gita hilo kwa mikono miwili. Wazee wa Tanga wanawakumbuka ndugu Wilson na George Kinyonga, waliotoka Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, na mwaka 1971 wakafika Nairobi na kuwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitenga wakaunda Les Wanyika, na mpiga besi wao alikuwa Tom Malanga. Atakayeusikiliza tena wimbo wao wa "Sina Makosa" aache maneno kando, aisikilize besi peke yake. Atafahamu kwamba chombo hicho kinaweza kubeba wimbo mzima bila kupiga kelele.

KWANZA MPELEKE MGONJWA KWA TABIBU

Gita la mpwa wangu lilikuwa dogo, la wanaoanza kujifunza, lisilo na jina la kampuni. Nyuzi zilikuwa juu mno, hata vidole vyake vilikuwa na sugu. Kila alipopanda shingoni, sauti ilitoka pembeni kidogo mwa ile aliyoitaka. Yeye alikwisha kata shauri kwamba chombo ni cha kutupa. Mimi nilimwambia, haraka haraka haina baraka.

Tulipanda hadi soko la Toi, tukavuka barabara ya Ngong, tukashika njia ya Kawangware. Huko kuna fundi, mtu mzima, ambaye hutengeneza redio, spika na magita katika chumba kisichozidi kitanda viwili. Alilishika gita akalielekeza kwenye mwanga, akafumba jicho moja kama seremala apimaye ubao. "Shingo imejikunja," akasema. "Unaweka hii gita wapi mchana?"

Mpwa wangu akajibu kwamba hulitundika ukutani, chini ya mabati. Fundi akacheka. Mbao hupinda kwa joto, naye aliyekaa katika nyumba ya mabati saa saba mchana anajua joto hilo.

Ndani ya shingo ya gita la besi mna chuma kirefu kinachoshindana na mvuto wa nyuzi. Fundi alikizungusha kidogo sana, robo ya mzunguko, akangoja, akatazama tena. Akateremsha vidaraja vinavyobeba nyuzi. Akafunga nyuzi mpya. Kisha akafanya jaribio ambalo kila mnunuzi yafaa alijue. Gusa uzi juu ya chuma cha 12 cha shingoni, mahali ambapo ni nusu kamili ya uzi, bila kuukandamiza, kisha upige. Utatoa sauti nyembamba kama kengele. Sasa ukandamize hapo hapo, upige tena. Sauti mbili hizo zisipolingana, gita litakuwa likikuaibisha kila unapopanda juu, hata ukilifunga vizuri namna gani.

Alitoza shilingi 1,500, akatoa na nasaha bure: "Kijana, piga hii wiki mbili. Kama bado unataka ingine, utakuja ukijua ni nini unataka."

Maneno hayo yana thamani kuliko matangazo yote ya madukani. Anayenunua bila kujua upungufu wa chombo chake cha zamani hununua rangi. Baada ya wiki mbili mpwa wangu alikuwa na orodha fupi. Vidole havimuumi tena, na sauti imenyooka. Lakini vigingi vya kukazia nyuzi huteleza katikati ya wimbo, na uzi mnene hautoi sauti ya kujaza ukumbi kwa sababu sumaku za kunasia sauti ni dhaifu. Hayo mawili fundi hakuweza kuyatibu kwa bei ya maana. Sasa alikuwa na haki ya kununua.

MAGITA MAWILI

Dukani katikati ya mji tuliona gita jipya jekundu, linalong'aa kama gari la bwana harusi, lenye nyuzi tano na jina ambalo hatukupata kulisikia. Bei yake taslimu ilikuwa shilingi 34,000. Kwa kulipa pole pole, shilingi 5,500 kila mwezi kwa miezi minane, jumla 44,000. Elfu kumi hizo za juu ni za nini, nadhani msomaji wetu hahitaji kuambiwa jina lake.

Hata pasingekuwa na nyongeza hiyo, uzi wa tano ungemfaa nini? Uzi mnene wa besi ya kawaida hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na ule wa tano kama mara 31. Amplifaya ndogo ya kikundi cha harusi haiwezi kuitoa sauti hiyo sawasawa. Hutoa mngurumo tu. Taarabu, chakacha, rumba na benga zimekwenda miaka mingi kwa nyuzi nne, wala hakuna aliyelalamika.

La pili lilikuwa Kawangware, kwa mwanamuziki aliyekuwa akirudi kwao mashambani. Lilikuwa Yamaha jeusi la nyuzi nne, lililotumika, na rangi imechubuka pale mkono unapolala. Mpwa wangu hakulipenda kwa macho. Nikamwambia alisikilize.

Alianza kulipiga bila umeme, na hivyo ndivyo inavyopasa, kwa maana spika huficha makosa. Alipita kila chuma cha kila uzi, polepole, akisikiliza mlio wa kukwaruza au sauti inayokufa mapema. Akabonyeza uzi kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho, akatazama katikati: pana nafasi ndogo kama unene wa kadi, dalili ya shingo iliyonyooka inavyotakiwa. Akafanya jaribio la chuma cha 12. Akafunga nyuzi, akapiga dakika kumi kwa nguvu, akazipima tena. Hazikuteleza. Kisha akaliunganisha na amplifaya ndogo kama ile ya kikundi chake, akazungusha vifundo vyote kusikia kama vinatoa mchakacho.

Mwenye gita alisema mwenyewe kwamba tundu la kuingizia waya limelegea. Dini yetu imemkataza muuzaji kuficha aibu ya bidhaa, na huyo, ingawa si wa dini yetu, alifanya vivyo hivyo. Alitaka 24,000, kwa sababu ya tundu hilo tukapatana 21,000. Alitoa risiti yake ya zamani, tukaandikiana karatasi yenye nambari ya gita na ya vitambulisho. Jambo hilo lisipuuzwe. Magita huibwa na kuuzwa rahisi, na anunuaye bila kuuliza huenda akabeba msiba wa mtu mwingine.

KWA WENYE NIA KAMA HIYO

Yafaa niongeze machache. Anayetaka jipya bila kufilisika atasikia majina matatu mara nyingi: Yamaha TRBX174, Ibanez GSR200, na Squier, jina ambalo kampuni ya Fender hulitumia kwa magita yake ya bei nafuu. Ng'ambo magita ya daraja hili huuzwa takriban dola 200 hadi 300 za Marekani, na hapa kwetu huongezwa nauli na ushuru. Ndiyo maana lililotumika na kutunzwa mara nyingi humfaa zaidi mwenye kipato kidogo.

Magita mengine yana betri ya volti 9 ya kuongeza nguvu ya sauti. Ni mazuri, lakini mwenye nalo akumbuke kuchomoa waya kila amalizapo, ama betri itakufa na atanyamaza katikati ya harusi. Asichague kwa kusikiliza video kwenye simu, kwani spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti za chini. Na sisi wa pwani tuna adui wetu, hewa ya chumvi: nyuzi na misumari ifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga.

Mwenye kudhani kwamba ufundi hutoka kwenye chombo cha fahari na amkumbuke James Jamerson wa Detroit, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown zilizovuma dunia nzima. Kwa miaka mingi alitumia Fender moja ya mwaka 1962, akicharaza kwa kidole kimoja cha shahada, na alijulikana kwa kutopenda kubadili nyuzi. Gita hilo liliibwa muda mfupi kabla ya yeye kufariki mwaka 1983.

Tulipiga hesabu usiku ule Makina. Fundi alikuwa amechukua 1,500, gita 21,000, mfuko na mkanda 2,000. Zilibaki 3,500, zikatumwa kwa mama yake asubuhi. Hazikutosha paa zima, lakini zilitosha upande unaovuja juu ya kitanda. Gita la zamani alipewa mtoto wa jirani, ambaye kwa miezi alikuwa akiketi kizingitini kusikiliza. Aliambiwa asilitundike chini ya mabati.

Mfunguo Mosi nilimpigia simu nikamuuliza harusi ya kwanza ilikwendaje.

"Mjomba, hakuna aliyesema kitu," akanijibu. "Kina mama walicheza mpaka usiku mkubwa. Na mkubwa wa kikundi, tulipokuwa tukipakia vyombo, aliniambia tu nifike saa kumi Jumamosi inayofuata."