Kugundua na Kubuni: Neno Moja katika Dai la Hataza

Kitenzi kuvumbua kina maana mbili. Mtu huvumbua hazina iliyofukiwa, na mtu huvumbua mashine isiyokuwako. Katika mazungumzo hakuna madhara; katika sheria ya hataza tofauti hiyo huamua kesi.

Hataza ni hati ya serikali inayompa mwenyewe haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze alichokibuni, aghalabu kwa miaka 20 tangu siku ya kuomba. Hati hiyo ina sehemu mbili kubwa: maelezo, yanayofundisha jinsi kitu kinavyofanywa, na madai, yanayoweka mipaka ya haki. Kilichoelezwa bila kudaiwa hakilindwi. Tena kila sharti linaloongezwa hupunguza eneo la dai: anayedai kiti chenye miguu minne hawezi kumzuia fundi wa kiti cha miguu mitatu.

Kabla ya mipaka, hata hivyo, huulizwa kama kitu chenyewe chastahili kudaiwa. Nchini Marekani, mahakama hukataa sheria za maumbile, vitu vya asili na fikra tupu. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ilimkubalia Ananda Chakrabarty bakteria aliyembadilisha ili aweze kuvunjavunja mafuta ghafi, kwani bakteria wa namna hiyo hakuwako katika maumbile.

Kampuni ya Myriad Genetics ilitambua mahali na mpangilio wa jeni BRCA1 na BRCA2, ambazo kasoro zake huongeza sana hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Haikudai jeni zilizomo mwilini, bali DNA "iliyotengwa". Neno hilo moja ndilo lililobeba uzito wote. Kwa nguvu yake maabara nyingine zilizuiwa kupima jeni hizo, na mwanamke aliyetaka kuhakikisha majibu yake penginepo kabla ya kukubali kupasuliwa alikosa pa kwenda.

Kesi ilifunguliwa mwaka 2009. Tarehe 13 Juni 2013 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba kutenga si kubuni: mpangilio uliodaiwa ni ule ule ulioandikwa na maumbile, hata kama kuutafuta kulihitaji kazi kubwa. Lakini waliikubali cDNA, ambayo hutengenezwa maabarani kwa kunakili RNA, nayo haina vile vipande visivyobeba maagizo ya kuunda protini.

Kwa hiyo mfasiri anayeandika uvumbuzi mahali pote hufuta mpaka ambao majaji waliupima. Yafaa ugunduzi utumike kwa kilichokuwako kikafichuliwa, na ubunifu kwa kilichoundwa. Jina zuri halikibadilishi kitu; lakini jina lisilo wazi laweza kumnyima mtu haki yake.