Lugha ya Nyumbani na Lugha ya Darasa: Watoto wa Asili ya Kihispania katika Shule za Umma za Marekani

0. Utangulizi

Makala hii fupi inakusudia kueleza jinsi shule za umma za Marekani zinavyojaribu kuwahudumia wanafunzi wa asili ya Kihispania, ambao idadi yao inazidi kukua. Kwa jina hilo tunamaanisha watu wenye asili ya sehemu za Amerika zisemazo Kihispania, kama vile Meksiko, El Salvador, Kuba na Puerto Rico. Wengi wa watoto hao wamezaliwa Marekani kwenyewe. Na ziko jamaa zilizokuwapo California na New Mexico kabla Meksiko haijapoteza nchi hizo mwaka 1848.

Mwaka 2000 walikuwa takriban 16 kwa mia ya wanafunzi wote wa shule za umma; mwaka 2021 walifikia 28 kwa mia, yaani milioni 14 hivi. Wengi wao husema Kiingereza vizuri. Hata hivyo, miongoni mwa wanafunzi wanaohesabiwa kuwa bado wanajifunza Kiingereza, takriban watatu katika kila wanne hutumia Kihispania nyumbani. Hao ndio tutakaowazungumzia.

1. Njia ya sheria

Zamani huko California watoto wa asili ya Meksiko walipelekwa katika shule za pekee, na lugha ndiyo iliyotolewa kama kisingizio. Mwaka 1947, katika kesi ya Mendez, mahakama ya rufani ilikataza utengano huo. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson, ambaye katika ujana wake alifundisha watoto wa asili ya Meksiko huko Cotulla, Texas, alitia sahihi sheria ya kwanza ya taifa kuhusu elimu kwa lugha mbili.

Kesi iliyoleta badiliko kubwa zaidi ilihusu watoto wa asili ya Kichina wa San Francisco. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau, Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba kumpa mtoto vitabu vilevile na mwalimu yuleyule si usawa, ikiwa haelewi lugha ya masomo. Mwaka 1981 kesi ya Castañeda, iliyotoka Texas, iliweka vipimo vitatu: mpango wa shule uwe na msingi wa kitaalamu, upewe walimu na vifaa, na matokeo yake yachunguzwe. Mwaka uliofuata, kesi ya Plyler ilithibitisha kwamba hata mtoto asiye na hati za ukaaji ana haki ya kusoma bure.

2. Kusema si kusoma

Sheria yaweza kufungua mlango, lakini kazi ya darasani yahitaji isimu. Mwaka 1979 Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, alitofautisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Ya kwanza hupatikana kwa mwaka mmoja au miwili. Ya pili huhitaji kwa kawaida miaka mitano hadi saba. Mtoto anayecheza na kutania kwa Kiingereza uwanjani aweza kushindwa kabisa kueleza kwa nini mvuke hugeuka kuwa maji. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo humdhania kuwa mvivu au mzito wa akili.

Lakini aliyekwisha kuelewa sehemu za hesabu kwa Kihispania hahitaji kuzielewa mara ya pili: anahitaji majina mapya tu. Tena msamiati mwingi wa kitaalamu wa lugha hizo mbili umetoka katika Kilatini na Kigiriki. Ajuaye neno *fotosíntesis* amekwisha kuukaribia Kiingereza cha kitabu chake.

3. Mitindo ya kufundisha

Shule ya Coral Way, mjini Miami, ilianza mwaka 1963 kuwafundisha pamoja watoto wa Kikuba na wa Kiamerika kwa lugha zote mbili. Shule nyingine hutumia Kihispania kwa miaka michache tu kama daraja, na nyingine hufundisha kwa Kiingereza peke yake, zikiongeza vipindi vya msaada. Siasa nayo huingia: California ilibana elimu ya lugha mbili kwa kura ya mwaka 1998, ikaifungulia tena kwa kura ya mwaka 2016.

Mtindo wowote utakaochaguliwa, pasipo walimu waliofunzwa hautafaulu. Wazazi nao hawana budi kuandikiwa kwa lugha wanayoielewa, ili mtoto asigeuzwe mkalimani wa mambo yanayomhusu yeye mwenyewe.

4. Hitimisho

Jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Watoto wa wakimbizi Wakongo wamo katika madarasa hayohayo ya Marekani, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha za nyumbani zinazoandikwa na shule huko. Hapa kwetu pia mtoto hutoka nyumbani na lugha moja, akadaiwa kufikiri kwa Kifaransa. Vipimo vitatu vya mwaka 1981 vyafaa kuulizwa hata katika shule zetu: je, tuna nadharia, tuna walimu na vitabu, na je, tunachunguza matokeo?