Gari la umeme, bei yake, na kobalti yetu

Katika maombi kwa ajili ya nchi, na katika mazungumzo ya nje baada ya ibada, kuna neno moja ambalo limezoeleka sana kwetu Kivu na Ituri. Watu husema kwamba vita vyetu vinaletwa na magari ya umeme ya Wazungu, na kwamba Wazungu hawawezi kuyatengeneza bila Congo. Ni maneno mawili ndani ya moja, na yote mawili yanahitaji kuchunguzwa. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanatuuliza, na wageni wa makanisa rafiki pia wanauliza: je, ninunue gari hilo, au nitakuwa nimenunua damu ya watu wenu? Anayejibu kwa habari nusu anampoteza mwenzake.

Tuanze na madini yenyewe. Kobalti ya Congo inatoka Lualaba na Haut-Katanga, upande wa Kolwezi, Fungurume na Likasi. Kutoka Goma hadi Kolwezi ni zaidi ya kilomita 1,000, hata ukienda kama ndege. Huku kwetu kunachimbwa koltani, kasiterite, wolframu na dhahabu. Machimbo ya Rubaya, katika eneo la Masisi, ambayo M23 iliyashika mwezi wa nne mwaka wa 2024, yanakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Koltani hutoa tantali, na tantali inaingia katika vipande vidogo vya elektroniki: katika simu, katika kompyuta, na katika kila gari la kisasa, liwe la umeme au la mazuti. Kwa hiyo mtu anayekataa gari la umeme kwa sababu ya Rubaya, kisha akanunua gari jipya la mazuti, hajajitenga na Rubaya hata kidogo. Na dhahabu, ambayo inalisha makundi mengi ya silaha huku mashariki, haina habari na magari.

Hii haimaanishi kwamba kobalti ni safi. Kolwezi ina vilio vyake: mashimo yanayoanguka juu ya wachimbaji wa mikono, watoto wanaoosha mawe, mitaa inayohamishwa kupisha kampuni, mito iliyoharibiwa na asidi. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2025, kwenye machimbo ya Kalando, daraja la kienyeji lilivunjika na watu wasiopungua 32 wakafa. Lakini shida ya Kolwezi na vita vya Masisi ni mambo mawili. Tukiyachanganya, wale wanaohusika na kila moja wanapata mahali pa kujificha.

Sasa bei. Huko Marekani, gari jipya la kawaida lilifika karibu dola 50,000 mwaka wa 2025, na la umeme kwa wastani linapita hapo kwa elfu kadhaa. Ndiyo maana serikali ya Joe Biden, kwa sheria iliyotiwa sahihi mwezi wa nane mwaka wa 2022, ilimpa mnunuzi punguzo la kodi la hadi dola 7,500 kwa gari jipya na hadi 4,000 kwa lililotumika. Wapinzani walisema: kwa nini kodi ya mkulima na ya fundi imsaidie mwenye mshahara mkubwa kununua gari? Sheria iliweka mpaka (mtu mmoja asipite dola 150,000 za mapato kwa mwaka), lakini kwa masikio yetu mpaka huo wenyewe ni utajiri. Watetezi walijibu kwamba bila msaada wa mwanzo viwanda havitakua, na bei haitashuka kamwe. Mwisho wake unajulikana. Tarehe 4 mwezi wa saba mwaka wa 2025 Donald Trump alitia sahihi sheria nyingine, na punguzo likaisha tarehe 30 mwezi wa tisa mwaka huohuo. Watu walikimbilia kununua kabla ya siku hiyo, kisha mauzo yakaanguka.

Ndani ya sheria ya 2022 kulikuwa na kifungu ambacho Wakongomani wachache walikisikia, ingawa kilituhusu. Punguzo lote lilitolewa tu kama sehemu iliyowekwa ya madini ya betri imetoka Marekani au kwa nchi zenye mkataba wa biashara huru nayo, na baadaye madini yaliyopitia kwa makampuni ya China yakakataliwa kabisa. Congo haina mkataba wa namna hiyo. Na kobalti yetu, sehemu kubwa inachimbwa na makampuni ya China na karibu yote inasafishwa China. Yaani katika kifungu kile cha bei, jiwe la Kolwezi lilikuwa kikwazo kwa mnunuzi wa Ohio. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2022 Marekani, Congo na Zambia ziliandikiana makubaliano ya kusaidia kutengeneza betri huku Afrika. Kiwanda cha betri bado tunakisubiri.

Wachina wenyewe wanauza magari ya umeme kwa bei ambayo Wamarekani hawaioni. Kampuni ya BYD ina gari dogo, Seagull, linalouzwa kwao kwa chini ya dola 10,000. Marekani ililifungia mlango: mwaka wa 2024 Biden alipandisha ushuru wa magari ya umeme ya China hadi asilimia 100, na katika jambo hili vyama viwili vinavyogombana kwa kila kitu vilikubaliana. Umoja wa Ulaya nao mwezi wa kumi mwaka huo uliongeza ushuru wa hadi asilimia 35.3. Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipo: serikali zinasema zinataka gari la bei nafuu lisilochafua hewa, kisha zinazuia lile la bei nafuu zaidi ili wafanyakazi wa viwanda vyao wasipoteze kazi. Siwacheki. Muuza vitenge wa Bukavu angefanya vilevile kama angekuwa na mamlaka juu ya mpaka.

Lakini Wachina wameshushaje bei? Jibu ndilo linalovunja ule msemo wetu wa pili. Betri ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote katika gari la umeme. Mwaka wa 2010 betri ya kuhifadhi kilowati-saa moja ilipita dola 1,000; mwaka wa 2024 ilikuwa imefika kama dola 115. Sababu moja ni ukubwa wa viwanda. Nyingine ni kwamba wamebadilisha kile kinachowekwa ndani. Betri za kwanza za safari ndefu zilichanganya nikeli, manganizi na kobalti, na gari moja liliweza kubeba kilo kumi za kobalti au zaidi. Betri za aina mpya iliyoenea zinatumia litiamu, chuma na fosfeti. Kobalti hamna ndani yake, hata gramu moja. Seagull inatumia betri hiyo. Mwaka wa 2024 betri hizi zilikuwa tayari karibu nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani, na kule China zilipita nusu kwa mbali.

Kwa maneno mengine, kila mara gari la umeme linapokuwa la mtu wa kawaida, linazidi kuachana na kobalti ya Congo. Yule anayehubiri kwamba dunia haiwezi bila sisi anahubiri habari ya mwaka wa 2017.

Kinshasa wanalijua hilo, na hapo siasa yetu wenyewe inaingia. Mwaka wa 2022 tani moja ya kobalti ilipita dola 80,000. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeshuka karibu dola 22,000, kwa sababu mgodi wa Tenke Fungurume na ule wa Kisanfu, yote miwili ya kampuni ya China CMOC, ilikuwa imemwaga mawe mengi sokoni. Tarehe 22 mwezi wa pili serikali ilifunga usafirishaji wote. Marufuku ikaongezwa, na kuanzia tarehe 16 mwezi wa kumi ikageuzwa kuwa kipimo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, kisha tani 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Hiyo ni chini ya nusu ya kile nchi ilichotoa mwaka wa 2024. Bei ilipanda zaidi ya maradufu.

Je, ilikuwa vizuri? Wanaosema ndiyo wana hoja nzito: kuuza mali kwa bei ya kutupa ni kuwaibia wajukuu. Sheria ya madini ya 2018 inatoza kobalti asilimia 10, na katika pesa hizo nusu inakwenda kwa serikali kuu, robo kwa jimbo, asilimia 15 kwa eneo la mahali, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Bei ikiwa juu, sekta na shefri ya mahali inapata zaidi, ikiwa pesa zinafika kweli. Wanaosema hapana wanakumbusha kwamba bei ya juu inamharakisha mwenye kiwanda kuhamia betri isiyo na kobalti, na huyo akishahama harudi. Kuna tatizo lingine pia: kobalti yetu hutoka pamoja na shaba katika jiwe lilelile. Kampuni haiachi kuchimba shaba, basi kobalti inalundikana kwenye maghala. Wa kwanza kuumia ni mchimbaji wa mikono, yule tunayemwita creuseur, ambaye hana ghala.

Kwa maoni yangu kipimo kilikuwa halali, lakini ni dawa ya muda. Kobalti bado inatakiwa kwa simu, kwa magari ya bei ya juu, na kwa injini za ndege. Ndiyo maana Wamarekani waliofuta punguzo la magari bado wanazungumza na Kinshasa juu ya madini. Shaba yetu nayo haina hofu, maana gari la umeme linabeba shaba nyingi kuliko la esansi. Na litiamu ya Manono, katika Tanganyika, inahitajika katika betri za aina zote mbili. Ila huko Manono makampuni ya Australia, China na Marekani yanavutana, kuna kesi mbele ya waamuzi wa kimataifa, na wenyeji wamesubiri miaka mingi.

Kwetu mashariki gari hilo bado ni habari ya mbali. Anayeweza kununua gari ananunua la Kijapani lililotumika, na umeme wa SNEL unakatika hata kwa taa ya kanisa. Pikipiki ya umeme ndiyo itatufikia mapema, maana motari anahesabu esansi kila siku na ataona faida haraka.

Ndugu wa ng'ambo akiuliza, tumwambie amuulize muuzaji betri ni ya aina gani. Ikiwa ni ya chuma na fosfeti, Kolwezi haimo. Ikiwa ina kobalti, aulize kampuni ya gari inanunua kwa nani na nani anakagua machimbo, kwa maana baadhi ya makampuni huchapisha majina hayo kila mwaka. Na akitaka kusema neno kwa ajili ya Rubaya, aulize habari za tantali iliyo ndani ya simu aliyoshika mkononi.