Kuku Anadona: Ni Ukali au Ana Sababu?



Katika Mji wa Kale wa Mombasa nyumba zimebanana na nyua ni ndogo, lakini watu wanafuga. Utakuta kuku wawili watatu uani, wengine juu darini, wengine ndani ya kizimba kando ya ngazi. Kuku akiishi karibu na watu namna hiyo, watoto humpa jina, humbeba kama mwanasesere na kutaka kumkumbatia. Kisha siku moja anamdona mtoto mkononi, au karibu na jicho. Hapo utasikia, "Kuku huyu ana wazimu, na achinjwe!"

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu linaleta hasara mbili. Mtoto akidonwa jicho anaweza kupoteza nuru yake. Tena, nyumba inaweza kumchinja koo mtagaji kwa hasira ya dakika moja, na mayai ya watoto yakaisha. Mara nyingi kuku huyo hana ukali wowote. Alikuwa anasema jambo, na hakuna aliyemwelewa. Basi hebu tumsikilize.

MDOMO NI MKONO WAKE

Kuku hana vidole vya kushikia. Akitaka kujua kitu ni nini, hukidona. Ncha ya mdomo wake ina mishipa mingi ya fahamu, kwa hivyo anapapasa kwa mdomo kama sisi tunavyopapasa kwa mkono. Msichana aliyepakwa hina ya madoadoa akimnyooshea mkono, kuku haoni maua, anaona mtama. Pete inayong'aa, kifungo cha shati, punje ya wali kidoleni, kidonda chekundu mguuni, vyote ataonja. Jicho la mtoto nalo linang'aa na kuchezacheza. Ndiyo sababu tunasema: uso wa mtoto usikaribie kabisa mdomo wa kuku, hata awe mpole namna gani.

MKONO UTOKAO JUU NI ADUI

Macho ya kuku yako pembeni mwa kichwa, na anaona karibu pande zote. Ameumbwa hivyo kwa kuwa yeye ni windo la wengine. Adui yake mkubwa hutoka juu: mwewe, na hapa kwetu Mombasa, kunguru mwenye shingo ya kijivu. Kunguru huyu asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kula taka, na hapa Mombasa alionekana mara ya kwanza mwaka 1947. Amezidi hata mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, likatangaza mpango wa kuwapunguza kunguru milioni 1. Kila afugaye kuku Kisiwani anajua vifaranga wangapi wamebebwa.

Sasa fikiria mtu mzima amemwinamia kuku kutoka juu, amenyoosha mikono miwili. Kwa kuku, hicho ni kivuli cha mwewe. Akishikwa na kubanwa kifuani, haoni kwamba anapendwa, anaona amekamatwa. Kuku hawakumbatiani wao kwa wao. Atapiga mabawa, na asipoweza kutoka, atadona.

Tena kuna joto. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi, kuliko wetu, na yeye hatoki jasho. Hujipoza kwa kupanua mdomo na kuhema, na kwa kuacha mabawa mbali na mwili. Katika miezi ya Januari hadi Machi, jua la Mombasa linavyowaka, kumkumbatia kuku ni kumfunika blanketi. Kuku akihema mdomo wazi, mwache chini, mpe kivuli na maji baridi.

MAMA NA JOGOO WANALINDA

Koo anayeatamia hukaa juu ya mayai siku 21. Ukimwingilia atajitunisha, atalia kwa hasira na kukudona. Akiwa na vifaranga ni zaidi. Bwana Yesu mwenyewe alipotaka kueleza upendo wake kwa Yerusalemu alitaja kuku anayekusanya vifaranga chini ya mabawa yake (Mathayo 23:37). Basi tusimwite mkali yule anayefanya kazi ya mama.

Jogoo naye analinda matembe wake. Akiwa wa kuchi, wale warefu wa pwani ambao tangu zamani wamejulikana kwa kupigana, basi jihadhari na kipi chake, ule mwiba wa mguuni. Jogoo anayerukia watu asikae pamoja na watoto wadogo. Kumpiga hakusaidii, manake anajifunza tu kwamba wewe ni mpinzani, na kesho atakungoja.

CHEO NDANI YA BANDA

Mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyechunguza kuku tangu utotoni, alieleza jambo hili mnamo mwaka 1921: kila kundi la kuku lina ngazi ya vyeo. Wa kwanza anawadona wote, wa mwisho anadonwa na wote. Wakishajuana, amani inakuwapo. Akiingia mgeni, ngazi inaanza kupangwa upya.

Wazee wetu walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Vikundi vinavyogawiana kuku kwa zamu vikumbuke neno hili. Mgeni akae peke yake wiki 2, kwanza kwa kuchelea magonjwa. Kisha siku chache waonane kupitia wavu. Halafu mwingize jioni, kiza kikianza, na ikiwezekana waingie wawili pamoja. Weka vyombo 2 vya chakula ili mnyonge naye apate.

WAKIDONANA HADI DAMU

Hii si tabia ya kawaida. Tazama mambo matatu: nafasi, joto na chakula. Kuku wakubwa wasizidi 4 au 5 katika kila mita 1 ya mraba. Banda lipate hewa. Chakula kiwe na cha kujenga mwili, si pumba tupu. Hapa Kisiwani vichwa na matumbo ya samaki hayakosekani. Yachemsheni bila chumvi, mchanganye na chakula. Kuku mwenye damu mtoeni mara moja, kwa kuwa wenzake wakiona wekundu hawaachi.

NJIA YA KUMZOESHA

1. Anza na kifaranga katika siku zake za kwanza. Akijua sauti yako mapema, hataogopa.

2. Chuchumaa. Usimwinamie. Weka mtama kwenye kiganja kilicho wazi, chini, na ungoje.

3. Mwite kwa sauti ile ile kila siku, saa ile ile.

4. Ukimbeba, pitisha mkono chini ya kifua chake, miguu ikae kiganjani, mabawa yashikwe polepole. Usimbebe kichwa chini.

5. Kama ni lazima kumshika kwa chanjo au matibabu, ngoja usiku. Kuku haoni vizuri gizani na hutulia.

6. Akitaka kushuka, mshushe. Mapenzi ya kuku ni kuja mwenyewe: kukufuata, kula miguuni pako, kujipaka vumbi karibu nawe bila wasiwasi. Hayo yakutoshe.

JIHADHARI NA UPOLE WA GHAFLA

Kuku aliyekuwa akikimbia kila siku, leo anakubali kubebwa, amejikunja, manyoya yamesimama: huyo hajakupenda, ni mgonjwa. Mtenge na umwite afisa wa mifugo. Huenda ni kideri, ambacho hakina dawa ila chanjo inayorudiwa kila baada ya miezi 3 hivi. Watoto wasibusu kuku, na kila mtu anawe mikono kwa sabuni baada ya kuwashika.

Aliyedonwa ngozi ikachanika, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, na uulize zahanati juu ya sindano ya pepopunda. Akidonwa jicho, usitie dawa yoyote ya nyumbani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

- Kuku wa nani amewahi kudona mtu? Alikuwa wapi, na mtu huyo alikuwa anafanya nini?

- Kizimba chetu kina kuku wangapi, na upana wake ni mita ngapi?

- Nani atawafundisha watoto wetu kumshika kuku, na tutaanza lini?

Jibuni swali la kwanza kabla ya kunoa kisu.