Kidonge Kimoja Kimoja

Mtu wa Kindu, mashariki mwa Kongo, aliyekesha usiku kucha huenda asubuhi kwenye farmasi ya mtaani, akataja shida yake kwa maneno mawili. Anakatiwa vidonge vitatu vya diazepam kutoka kwenye pakiti, vinafungwa katika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Haulizwi anakunywa nini kingine, wala tangu lini usingizi umempotea. Akilipa faranga zake, mazungumzo yameisha.

Dawa ni ileile iliyoingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, na ilipokelewa kwa faraja kubwa kwa sababu dawa za usingizi zilizoitangulia, barbituriki, zilikuwa rahisi kuua. Sifa hiyo ya usalama ilikuwa na masharti yake: siku chache, kipimo kidogo, na mtu anayemfuatilia mgonjwa. Masharti ndiyo yaliyoporomoka. Kidonge kimebaki peke yake.

Wengi huamini kwamba kukipambazuka dawa imekwisha mwilini. Sivyo. Nusu ya diazepam huweza kubaki kwenye damu kwa siku nzima au mbili, na kile ini linachotengeneza kutokana nayo hukaa zaidi. Anayemeza kila usiku anaongeza juu ya kilichobaki. Mzee huamka kwenda msalani, miguu ikakataa, akaanguka na kuvunjika nyonga. Watu wa nyumbani husema ni uzee. Kijana wa pikipiki anabeba abiria huku macho yamefumbuka na akili bado imelala. Na anayechanganya na pombe kali ya lutuku au tramadoli anaweza kuacha kupumua usingizini.

Baya zaidi huja polepole. Ndani ya wiki chache ubongo huizoea dawa, na anayeiacha ghafla hutetemeka, huingiwa na hofu, hukesha kuliko mwanzo, pengine hupata degedege. Anasema: mnaona, siwezi kulala bila dawa. Kumbe mkesho huu wa sasa umeletwa na dawa yenyewe.

Hayo yote ni pale ambapo kidonge ni cha kweli. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, huko Ituri, zaidi ya watu 1,000, wakiwemo watoto wadogo wengi, walifikishwa kwenye vituo vya afya shingo zimepinda, taya na ndimi zimekaza. Wahudumu walidhani ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba vidonge vilivyouzwa kama diazepam vilikuwa na haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili. Si kila mgonjwa alikuwa ameitafuta diazepam kwa ajili ya usingizi. Katika vijiji vile diazepam ilikuwa dawa ya karibu kila kitu, homa ikiwemo. Hatari hiyo ipo hapa pia: Kindu ni mwisho wa reli, na treni zenyewe zimekuwa adimu. Dawa hufika kwa mto, kwa ndege, kwa mzigo wa mfanyabiashara, na kila mkono unaoongezeka njiani ni nafasi ya kubadilisha kilichomo. Mnunuzi wa vidonge vitatu haoni hata boksi.

Swali ninaloliona zito zaidi ni kwa nini watu hawalali. Mji wa Kindu ulitekwa mwaka 1997, ukatekwa tena mwaka 1998, na vita vikaacha nyumba nyingi zikiwa na mtu wa kuliliwa. Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2013 kwamba mtu mzima anayekosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha asipewe dawa za jamii ya diazepam. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Vituo vya afya ya akili vinavyojulikana upande huu wa nchi ni SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma, na miji yote miwili ilitekwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025.

Aliyekwisha kuzoea hatakiwi kuacha kwa siku moja. Hupunguza kidogo kidogo kwa wiki nyingi, robo ya kidonge hivi, huku mtu akiandika amemeza kiasi gani na amelalaje. Lakini kwenye karatasi anayorudi nayo kutoka farmasi kuna hesabu za kugawanya za mtoto wa shule, zimesahihishwa kwa wino mwekundu.